Tulivyosoma Adili na Nduguze sura kwa sura

Kwenye ukurasa huu tumezoea kuongea kuhusu uji wa watoto, chanjo na michango ya kikundi. Wiki hii tunaomba nafasi tuongee kuhusu kitabu. Wengi wenu mmesikia kwenye bomba la maji kwamba kikundi chetu cha Jumatano kinasoma "kitabu cha majini", na wawili watatu wametuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Ni kweli. Ndani yake mna jini, mna watu waliogeuzwa manyani, mna mji mzima ambao watu wake wamekuwa mawe. Na tangu tukianze, hatujapata Jumatano ambayo tumeachana kabla ya giza kuingia.

Jina lake ni Adili na Nduguze. Mwandishi wake ni Shaaban Robert, mtu wa upande wa Tanga katika Tanzania ya leo, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962. Alikuwa karani wa serikali wakati wa Waingereza, akiandika mashairi na hadithi kando ya kazi ya ofisi. Kitabu hiki kilitoka 1952. Namna kilivyofika Lulimba ni habari yetu wenyewe. Mwenzetu mmoja aliishi miaka mingi katika kambi ya Lugufu, mkoa wa Kigoma, pamoja na Wakongomani wengine waliovuka ziwa kukimbia vita. Watu walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, kuanzia 2005, yeye naye alipanda na watoto wanne, sufuria mbili na kifurushi cha kitenge. Ndani ya kitenge mlikuwa na vyeti vya ubatizo vya watoto na kitabu hiki, alichokinunua sokoni Kigoma kwa sababu muuzaji alimwambia kina hadithi ya kutisha. Jalada limeshaanguka. Kurasa zimeshonwa upya kwa uzi wa nailoni, na mshonaji ni mwenzetu yule yule mwenye cherehani karibu na soko.

Ni nakala moja kwa wamama kumi na wanne, na kati yetu watano hawajui kusoma. Basi sisi tunaofundisha tunasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza huku wakibangua karanga au kuchambua sombe. Sura moja kila Jumatano. Sura ikiisha, kitabu kinafungwa na kuwekwa kwenye mfuko, hata kama mtu analia kutaka kujua kinachofuata. Ndipo maongezi yanaanza. Mwanzoni tulidhani wamama watachoka. Kumbe kufunga kitabu katikati ya jambo ndiko kulikofanya kikundi kiwe kikundi. Wiki nzima watu wanabishana shambani na njiani kuhusu manyani wawili ambao hawajawahi kuwepo.

Lazima tuseme jambo moja kuhusu lugha. Sisi tuliopita ISP tulisoma fasihi kwa Kifaransa, tukaandika mitihani kwa Kifaransa, na hadi tunapata diploma hakuna aliyetupa riwaya nzima ya Kiswahili mkononi. Darasani Kiswahili kinakuja kueleza kile kilichoshindikana kwa Kifaransa, kisha kinaambiwa kikae pembeni. Kwa hiyo Kiswahili cha Shaaban Robert tulikipanda kama kilima, pamoja na wamama. Neno la kwanza lililotusimamisha lilikuwa kwenye jina la kitabu: nduguze. Tulieleza kwamba ni "ndugu zake", maneno mawili yaliyounganishwa. Mzee wetu, ambaye wote tunamwita koko, akafikiri kidogo, akasema, "Basi ni bandugu yake tu, lakini wamevaa shati la Jumapili." Tangu siku hiyo kila neno gumu tunaliita neno lenye shati.

Hadithi inaanza taratibu. Kuna mfalme anayeitwa Rai, wa nchi ya Ughaibu, mfalme mwema anayejali watu na hata wanyama. Kuna liwali wake anayeitwa Adili, anayetawala mji wa Janibu. Kodi ya Janibu imechelewa, mfalme anamtuma mtu wake, Ikibali, akaiulize. Wamama walianza kupiga miayo. Habari za kodi zinajulikana hapa bila kuandikwa kitabuni. Lakini usiku Ikibali anaona jambo. Liwali Adili, ambaye mchana kila mtu anamsifu kwa haki na upole, anaingia mahali walipofungwa manyani wawili. Anachukua kiboko. Anawapiga mmoja baada ya mwingine, wanalia, wanamtazama. Akimaliza anatupa kiboko, anawakumbatia, analia pamoja nao, anawalisha kwa mkono wake chakula kizuri. Usiku unaofuata anafanya vile vile.

Hapo sura ikaisha, tukafunga kitabu.

Mama mmoja mwenye duka la unga alituambia Jumatano iliyofuata kwamba hakulala. Kilichomkosesha usingizi hakikuwa kile kipigo. Kilikuwa yale machozi baada ya kipigo. Na hapo kila mtu akaja na jibu lake: hawa manyani ni nani? Mmoja akasema ni wake wenza wa liwali. Mwingine akasema ni watoto waliomshinda. Mama mwenye cherehani akasema ni wezi waliokamatwa na liwali anaona haya kuwaua. Kisha mmoja akasema kwa uhakika mkubwa, "Ni walozi. Mtu hageuki nyani hivi hivi." Akaanza kutaja kisa cha hapa kwetu, na kutaja mtaa, na alikuwa karibu kutaja jina.

Koko alimkatiza. Alisema, "Mwanangu, kitabu kina majina yake. Tutumie hayo." Hakuongeza. Lakini kila mtu aliyekuwa pale alielewa, maana wote tunajua jinsi mambo yanavyokwenda wakati wa mvua, malaria inapochukua watoto wawili mtaa mmoja kwa wiki moja, na mtu anaanza kuuliza ni nani aliyepita pale jioni. Kwa kawaida anayetajwa ni mwanamke, na kwa kawaida ni mzee na hana mtoto wa kiume wa kumtetea. Kutoka siku ile tuliweka kanuni: ndani ya maongezi hakuna kutaja mtu wa Lulimba, wala wa Misisi, wala wa Nyange. Ukitaka kusema habari ya wivu, sema Mwivu. Ukitaka kusema habari ya husuda, sema Hasidi.

Maana ndiyo majina yao. Sura zilizofuata zilifunua kwamba wale manyani ni ndugu wa Adili wa baba mmoja, mmoja anaitwa Hasidi na mwingine Mwivu. Kwa Shaaban Robert jina la mtu ni tabia yake, na wamama walikubali jambo hilo haraka kuliko tulivyodhani. Hata watoto, ambao tulidhani wanacheza uani kumbe wamejibana nyuma ya ukuta wa matete wakisikiliza, walianza kuitana Hasidi kwenye foleni ya bomba. Shuleni tumelazimika kukataza jina hilo wakati wa mapumziko. Ni kazi ambayo ISP haikututayarisha.

Kuhusu majini, tuliletewa swali zito na mama mmoja wa kundi la maombi, mtu tunayemheshimu sana. Aliuliza kama kusoma habari za jini nyumbani si kumfungulia mlango. Hakuuliza kwa ubishi, aliuliza kwa hofu ya kweli, na ana wajukuu sita ndani ya nyumba. Kwa kweli hatukuwa na jibu la kiualimu. Mwenzetu wa Lugufu ndiye aliyejibu, kwamba katika Biblia mke wa Loti aligeuka nguzo ya chumvi, mfalme Nebukadneza alikula majani kama ng'ombe, punda wa Balaamu alisema kama mtu, na hakuna mchungaji aliyekataza tusome. Yule mama akacheka, akasema atakaa karibu na mlango ili awe wa kwanza kutoka. Hadi leo anakaa karibu na mlango, na yeye ndiye anayetukaripia tukichelewa kuanza.

Sisi tulitafuta kujua hadithi hii ilitoka wapi. Mzizi wake uko katika zile hadithi za Alfu Lela U Lela, usiku elfu na moja, zilizosimuliwa na Waarabu kwa karne nyingi. Huko kuna liwali wa Basra na ndugu zake wawili, na sultani wake ni Harun al-Rashid. Lakini katika hadithi ile ya Waarabu, ndugu waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert akawafanya manyani. Tuliwauliza wamama kwa nini. Hakuna swali lililojibiwa vizuri kama hilo mwaka huu mzima, darasani wala nje. Koko alisema mbwa anapigwa kila siku mbele ya kila mlango na hakuna anayegeuka kutazama. Nyani ni mwingine. Anayelinda mahindi yake karibu na msitu anajua: nyani ana mikono kama yako, anavunja hindi kama unavyovunja wewe, na ukimrushia jiwe anakuangalia usoni kana kwamba mnajuana. "Kumpiga nyani ni kama kumpiga mtu ambaye hawezi kusema," alisema koko. Mama wa duka akaongeza kwamba sasa ameelewa kwa nini hakulala.

Sasa tufike mahali penyewe.

Adili aliitwa mbele ya mfalme pamoja na manyani wake, akaambiwa aeleze. Naye akaeleza, na maelezo yake ndiyo mwili wa kitabu. Baba yao alikufa akaacha mali, wakagawana. Adili akafanya biashara, mali ikakaa. Wenzake wakaipoteza yao, wakarudi mikono mitupu, naye akawapokea na kuwapa sehemu ya chake. Hapo mama mmoja kati yetu, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, aliweka chini ungo wa karanga.

Huyu mwenzetu ni mjane. Mume wake aliacha shamba la mihogo na watoto watano. Baada ya matanga, wakwe zake wawili walisema shamba ni la ukoo, si la mwanamke aliyekuja kuolewa. Msimu wa kwanza walimwomba alime pamoja nao. Msimu wa pili walimwambia alime pembeni. Msimu wa tatu alikuta mihogo imeng'olewa. Hatusemi zaidi ya hapo, na yeye ndiye aliyeturuhusu kusema hadi hapo, kwa sababu anajua si yeye peke yake kati ya wasomaji wa ukurasa huu. Siku ile aliuliza jambo moja tu: "Adili aliwapa mara ngapi?"

Tuliangalia. Tukamwambia aliwapa zaidi ya mara moja.

"Na wao walimpa nini?"

Tukamwambia asubiri sura inayofuata. Akasema, "Mimi sina haja ya kusubiri. Naijua."

Na kweli aliijua. Katika sura zile ndugu watatu wanasafiri kwa chombo baharini. Adili anafika kwenye Mji wa Mawe, ambako watu wote wamegeuka mawe na mali imekaa pale pale bila mwenyewe, na mtu mmoja tu ni hai, msichana anayeitwa Mwelekevu. Sura hiyo ilipendwa sana. Hapa tunaishi njia moja na machimbo ya dhahabu ya Misisi, na hakuna nyumba isiyo na kijana aliyekwenda kuchimba. Wamama walikaa muda mrefu kwenye picha ile ya utajiri uliolala bila mkono wa kuushika, wakauliza vijana wetu wangefanya nini wakifika kwenye mji kama huo. Mmoja akasema wangekufa kwa kugombania mlango. Tukacheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu wawili kati yetu wamezika watoto waliofukiwa na udongo wa shimo.

Adili na Mwelekevu wanapendana. Chombo kinarudi njiani. Na usiku, wakati Adili amelala, Hasidi na Mwivu wanamtupa baharini kwa sababu ya yule msichana. Aliyemwokoa ni jini mwanamke anayeitwa Huria, ambaye zamani Adili alimtendea wema bila kujua yeye ni nani. Huria anataka kuwaua wale ndugu wawili. Adili anaomba wasiuawe. Basi Huria anawageuza manyani na kumpa Adili sharti: kila usiku awapige. Asipowapiga, atapigwa yeye.

Hapo kikundi kiligawanyika, na hakijaungana tena vizuri.

Upande mmoja ulisema Adili amefanya vema kuwaombea, na kwamba machozi yake yanaonyesha moyo wa ndugu. Mama wa kundi la maombi alikuwa upande huu. Alisema amri ilitoka kwa Huria, Adili alikuwa mkono tu. Upande wa pili, ukiongozwa na mwenye cherehani, ulisema adhabu isiyo na mwisho si adhabu, ni ugonjwa wa anayeadhibu. Alitoa mfano wa kwetu sote: mtoto anavunja sahani Jumatatu, anapigwa, yamekwisha. Lakini Jumatano bado tunamwambia "wewe mvunja sahani", Ijumaa tunamsimulia shangazi yake mbele yake, Jumapili akiomba bukari ya kuongeza tunamkumbusha sahani. Alisema hicho ni kiboko cha Adili, kila usiku, na sisi tunalia baadaye tukidhani tunapenda. Maneno hayo yaliwafikia wengi. Tuliona wamama wawili wakiangalia chini. Sisi tunaofundisha pia tunafahamu fimbo inavyoweza kuwa desturi ya saa mbili asubuhi hata kabla ya mtoto kukosea.

Basi maongezi yakaelekea kwenye kusamehe, kama yanavyoelekea kila mara wamama wanapokaa pamoja. Mmoja baada ya mwingine akasema kusamehe ni kuzuri. Yule mjane alisikiliza wote. Kisha akasema, na tunayaandika maneno yake kama tulivyoyasikia:

"Adili ni liwali. Ndugu zake wamefungwa mnyororo, yeye ameshika kiboko. Akitaka kusamehe, anaweka kiboko chini, watu wanamsifu. Mimi kiboko changu kiko wapi? Shamba linalimwa na wao. Mihogo inaliwa na wao. Nikisamehe, nitakuwa nimeweka nini chini?"

Akachukua ungo wake, akaenda. Jumatano iliyofuata hakuja. Na iliyofuata hakuja.

Kulikuwa na wenzetu waliotaka tuendelee kusoma. Walikuwa na sababu: zilibaki kurasa chache, msimu wa kulima unakaribia, watu watatawanyika. Mfalme Rai alikuwa tayari anafikiria jinsi ya kumwomba Huria awaachie wale manyani, na kila mtu alitaka kujua kama jini atakubali. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Tisa walisema kitabu kikae kwenye mfuko mpaka arudi. Kwa maoni yetu ni uamuzi bora kuliko wote tuliowahi kufanya, pamoja na ule wa mradi wa sabuni. Kusoma sura ya msamaha bila yeye kungekuwa sawa na wale wanaogawana shamba la mtu akiwa hayupo.

Tulimfuata nyumbani watatu, bila kitabu. Alitupa viti na maji. Hakuna aliyemwambia asamehe. Koko alimuuliza kama ana karatasi yoyote ya mume wake, naye akatoa kaye ya mtoto ambamo marehemu alikuwa ameandika faranga alizolipa kwa shamba, na nani aliyekuwepo. Mashahidi wawili bado wako hai. Hapo ndipo sisi tulipotafuta Kanuni ya Familia, sheria ya 1987 iliyorekebishwa 2016, ambayo mwenzetu mmoja anayo kwenye simu. Tunawaandikia kwa ufupi yaliyomo, kwa sababu wengi wenu mtakuja kuyahitaji. Marehemu asipoacha wosia, watoto wake ndio warithi wa kwanza, na wao wanapata robo tatu ya urithi. Mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake wako katika kundi la pili, kwa robo inayobaki. Nyumba ambamo mume na mke walikuwa wakiishi, mjane ana haki ya kuendelea kuikaa na kutumia vyombo vyake. Kwa hiyo hao wakwe wanapodai kila kitu, hawamnyang'anyi "mwanamke aliyekuja kuolewa" peke yake. Wanawanyang'anya watoto wa ndugu yao. Mwenzetu aliposikia hilo alirudia mara mbili, "Watoto wa ndugu yao," kisha akamwita binti yake mkubwa aje asikie pia.

Shauri sasa liko mbele ya chifu. Mashahidi wamesikilizwa mara moja. Wakwe walileta maneno ya ukoo, sisi tulileta kaye. Mmoja wa wale wawili hakuweza kumtazama usoni siku ile, mwingine alimtazama sana. Hatujui itaishaje, na hatutaki kuandika hapa kama tayari imeisha.

Jumatano iliyopita alirudi. Aliingia kama mtu aliyekwenda sokoni tu, akakaa mahali pake, akauliza, "Manyani bado wamefungwa?" Tukamwambia bado. Akasema basi tusome.

Tulisoma sura moja. Mfalme anamwomba Adili aache kuwapiga usiku ule, na Adili anaogopa, kwa sababu anajua Huria atakuja. Sura ilipoisha mwenzetu alikuwa wa kwanza kusema. Alisema sasa amemhurumia Adili kidogo, kwa kuwa hata yeye liwali alihitaji mtu mwingine amsimamie mbele ya jini. Mwenye cherehani akasema yeye anawahurumia manyani. Mama wa duka akasema anamhurumia Mwelekevu, ambaye tangu usiku ule wa baharini hakuna aliyemuuliza chochote, na kwamba kama Shaaban Robert angekuwa mwanamke, kitabu kingeitwa Mwelekevu. Ubishi ulianza upya. Watoto nyuma ya ukuta walianza kubishana nao. Ilibidi tuwashe taa.

Tutasoma sura inayofuata Jumatano hii, saa tisa, kwenye uwanja wa nyumba ya mwenye cherehani. Anayetaka kuja aje na kiti au mkeka wake, na kazi ya mikono. Kwa wale wanaouliza jinsi hadithi inavyoisha: sisi tunaosoma kwa sauti tumekwisha kupita mbele peke yetu usiku mmoja, lakini hatusemi. Mwenye nakala nyingine ya kitabu hiki, hata iliyochanika, tunaomba atuletee. Uzi wa nailoni upo.